Sifa za Kutu ya Tangini

Washairi wetu wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, na wapo waliomsifu hata bosi anayewacheleweshea mshahara. Kutu iliyojilalia chini ya tangi la petroli haijaambulia hata kibwagizo. Dhuluma hii naikomesha leo, na shahidi wangu ni gari ambalo barabara za Afrika Mashariki zinalijua vizuri: Datsun 240Z.

Gari hilo la michezo lilizinduliwa Japani mwaka 1969. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, tena kwa kuponea chupuchupu, maana alilingana pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Injini ya 240Z ina silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda tatu. Miaka hiyo miwili tope na mawe ya Safari yalishindwa kulisimamisha. Kutu inalisimamisha kwenye lami, mchana kweupe, bila hata kutoka ndani ya tangi.

Tazama inavyofanya kazi kwa adabu. Asubuhi gari linawaka mara moja na kunguruma bila kigugumizi. Mjini linakwenda vizuri, kwa sababu injini isiyoharakishwa inaridhika na petroli kidogo. Kutu inasubiri mlima. Ukikanyaga mafuta, pampu inavuta kwa nguvu, chembe zinakimbilia mdomo wa bomba na kujaa kwenye filta, na mabakuli ya kabureta yanakauka upesi kuliko yanavyojazwa. Injini inamisi, inapiga chafya kupitia kabureta, kisha inazimika. Unashuka, unafungua boneti, unamwita fundi kwa simu. Wakati huohuo mvuto umekwisha, chembe zimeshuka taratibu kwenye kitanda chao, na petroli imepita. Fundi akifika, anageuza ufunguo mara moja tu: gari linawaka. Anakutazama kama mtu aliyetolewa kwenye chakula chake bure.

Sifa ya pili ni ukarimu wake kwa wauza vipuri. Kutu haikamatwi mpaka wasio na hatia wote wamalizwe. Kwanza inashukiwa koili, kwa kuwa koili mbovu nayo hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Zinafuata platini, kondensa na plagi, zote sita. Kisha zinafunguliwa kabureta, ambazo zilikuwa zimerekebishwa vizuri na fundi aliyekwishastaafu, na hazirudi tena kama zilivyokuwa. Halafu upo mvuke. Katika injini hii kabureta zimekaa juu kabisa ya bomba la moshi, upande mmoja nalo, hivyo kwenye foleni ya jua kali petroli inaweza kweli kuchemka kabla ya kufika. Kwa sababu joto lina makosa yake ya kweli, kila kosa la kutu hubandikwa jina la joto. Wapo waliofunga bomba la petroli kwa kitambaa na wengine wakalibana kwa vibanio vya nguo, na kutu ikaendelea na shughuli zake.

Nani mwingine angemfundisha mwenye gari elimu hii yote? Mtu aliyekuwa akijua tundu la petroli na redio tu, baada ya msimu mmoja anazungumza kama mkuu wa gereji. Anajua kwamba injini ikianza kukohoa, avute choki kidogo: kwenye kabureta hizi choki huishusha jeti ili petroli iongezeke, kwa hiyo nguvu zikirudi, injini ilikuwa na njaa, ikizidi kuumwa, akatafute upande wa moto wa plagi. Anajua kulegeza kifuniko cha tangi na kutega sikio, maana mlio wa hewa inayoingia kwa pupa unasema tundu la kupumulia limeziba. Amejifunza kuchomoa mpira kwenye kabureta, kuuelekeza ndani ya chupa mbali na cheche, na kumwambia kijana wa gereji apige stata aone kama petroli inaruka au inadondoka. Na amejifunza kutoogopa filta ya plastiki iliyo nusu tupu. Hali hiyo ni ya kawaida, ingawa pampu nyingi nzima zimetupwa kwa ajili yake.

Kuhusu pampu, kutu hujivunia kuwa na subira kuliko binadamu. Pampu ya gari hili imefungwa kwenye kichwa cha injini, inasukumwa na kamshafti, na kazi yake ni kutoa shinikizo la pauni tatu au nne tu kwa inchi ya mraba. Mwenye haraka huiondoa akaweka ya umeme iliyotoka kwenye gari la kisasa la injeksheni. Sindano ya kabureta haiwezi kuzuia shinikizo lake kubwa. Mabakuli yanafurika, na petroli inamwagikia bomba la moshi. Kutu haijawahi kumchoma mtu namna hiyo.

Kipimo kinachoivua nguo ni kidogo na cha bei ya chini: dumu safi la petroli na mpira mpya, ili pampu ivute humo badala ya tangini. Gari likipanda mlima bila kikohozi, mshitakiwa amejulikana, au basi ni ndugu yake, ule mpira wa zamani wa huko nyuma wenye ufa mwembamba, unaovuta hewa bila kudondosha tone.

Nisisahau kutaja asili yake, maana kutu hii imezaliwa na mapenzi. Mwenye gari analipiga rangi, analing'arisha kila Jumapili, kisha analifunika turubai miezi mingi likiwa na robo tangi. Tangi la lita 60 lenye petroli lita 15 limejaa hewa yenye unyevu, na unyevu ukigusa chuma usiku wa baridi unajua la kufanya. Hivyo, kadiri gari linavyopendwa na kuachwa bila kuendeshwa, ndivyo kutu inavyostawi. Barabarani nako inamlinda mpenzi wake: gari lililosimama pembeni halipinduki, wala halili mafuta.

Ikiwa pamoja na sifa zote hizi utaamua kuifukuza, mpe fundi muda alishushe tangi zima, alisafishe ndani, na abadilishe mipira na filta siku hiyohiyo. Usikubali mtu achomelee tangi kwa sababu tu linaonekana tupu. Mvuke wa petroli unabaki ndani hata tone la mwisho likiisha, na unalipuka.