Kikojozi wa Orofa ya Nne

Ukipita hapa Umoja Innercore Jumamosi asubuhi, inua macho. Ile fleti yenye rangi ya chai ya maziwa, orofa ya nne, utaona godoro limening'inia kwenye vyuma vya balkoni. Katikati pamechorwa ramani ya Afrika, Madagaska iko kando. Godoro ni langu. Ramani si yangu. Lakini ni nani atauliza? Mtaa ukishaona godoro la mtu mzima linaanikwa kila wiki, kesi imekwisha. Watoto wa chini wana ule wimbo wa kikojozi, hata wewe uliuimba, usijifanye. Nikitoka kununua maziwa wanauanza polepole, nikifika kwa kioski wanaumaliza kwa makofi. Na jamaa wa kioski siku hizi ananihurumia. Juzi nimeagiza chai, akainama, akaninong'oneza, "Baba Kevo, saa mbili usiku hii... si nikuwekee nusu kikombe?"

Nikanywa nusu.

Mchora ramani ni paka. Anaitwa Mdosi, jina alilopewa na Kevo, kwa sababu anakula, analala, na hakuna anayejua kazi yake. Alikuja kwa ajili ya panya. Panya wa ploti hii si wale wa kukimbia ukiwasha stima. Hawa wetu ukiwasha stima wanakukazia macho kama wewe ndiye umeingia kwao bila hodi. Walikula sabuni. Wakala soksi. Wakala risiti za kodi ya nyumba za miezi mitatu, na landilodi akaniambia panya hawezi kuwa shahidi. Ndipo Mama Kevo akaenda kwa dadake Dandora, akarudi na kiondo kinachopumua. "Hii ndiyo dawa," akasema.

Sasa, kwenye karatasi niliyotia sahihi siku ya kuingia, landilodi aliandika hivi: hakuna mbwa, hakuna paka, hakuna kuku, hakuna kanisa. Ukishikwa unatoka, na dipoziti inabaki. Kwa hivyo Mdosi ni wa ndani. Asionekane, asisikike. Na hata landilodi angekubali, mimi nje singemwachilia. Unakumbuka mwaka 2018, kule Nakuru, jamaa aliposhikwa akichinja paka, kumbe nyama inaishia kwa samosa? Alifungwa, sawa. Lakini mimi samosa ya steji mpaka leo nainunua nikiiuliza maswali.

Basi, choo. Nilijua paka wa ndani anahitaji choo, hapo usinidharau. Nikachukua karai kuukuu, nikaenda kwa mafundi wa makochi, nikapewa vumbi la mbao nusu gunia kwa shilingi 50. Nikaweka karai chini ya sinki, kando kabisa ya sahani yake ya omena. Nilidhani namfanyia hisani. Anakula, anageuka, anajisaidia, anageuka, anaendelea kula. Mimi kabla sijaoa nilikaa ploti ya Kayole, milango 16, choo kimoja, ufunguo uko kwa jirani na jirani yuko kwa maombi. Ningewekewa choo kando ya ugali wangu ningeshukuru Mungu.

Siku ya kwanza akatumia. Ya pili akatumia. Wiki ya pili akaliangalia karai, akaniangalia mimi, akapanda kitandani upande wangu. Si wa Mama Kevo. Wangu.

Nairobi kila kitu ni pesa isipokuwa ushauri. Jamaa wa kioski aliniambia nimsugue pua kwenye mkojo ashike adabu. Nikamsugua. Akanikwaruza hapa, na hapa, na hapa sitakuonyesha. Na adabu aliyoshika ni ya kutokojoa nikiwa nyumbani. Mama mboga akasema paka hapatani na machungwa, nitandaze maganda. Nikatandaza. Chumba kikanukia kama soko la Mutindwa baada ya mvua. Mdosi akakubali, kweli, kitanda akakiacha. Akahamia kwa viatu vyangu vya kazi. Nilijua nikiwa nishafika steji.

Ushauri wa tatu nilijipa mwenyewe, kwa hivyo sina wa kumlaumu. Nilichukua ile dawa ya kung'arishia mashati ya shule, nikamwaga nusu chupa juu ya mkojo mbichi, na dirisha nikalifunga ili majirani wasinuse. Mazee! Macho yakawaka. Kifua kikabana. Tukajikuta koridoni familia nzima, taulo mdomoni, na Kevo katikati ya kukohoa akipata nafasi ya kunifundisha kwamba mkojo una amonia, ile dawa ina klorini, vikikutana ni gesi ya sumu. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema hakuulizwa. Mama wa mlango wa pili akafungua, akanusa, akaangalia suruali yangu, akafunga mlango taratibu, vile watu hufunga mlango wa mgonjwa.

Hapo Mama Kevo akasema yatosha, mpeleke paka kwa daktari. Kuna shule ya madaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, na Kabete ni mbali na Umoja kama mbinguni, matatu mbili na foleni katikati. Nikamtia Mdosi kwenye kiondo, nikafunika leso, nikampakata. Alivumilia Jogoo Road yote. Muziki unapiga, vioo vinatetemeka, yeye kimya. Kufika raundabauti ya City Stadium, nikahisi joto mapajani. Joto zuri tu, kama la chupa ya uji. Halafu likashuka kwa goti. Halafu likafika kwa soksi. Mama tuliyekaa naye akavuta mkoba wake, akasogea mpaka akawa nusu nje ya kiti.

Makanga akaja. Akaangalia sakafu. "Buda, si ungesema mapema tukusimamishie?"

"Ni paka," nikasema.

Akaangalia kiondo. Mdosi alikuwa ametulia humo chini ya leso, hapumui hata. "Eeh," makanga akasema, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto, "ni paka." Matatu nzima ikaangalia nje kwa heshima.

Daktari alikuwa msichana mdogo, ana kalamu na faili. Akaniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa kuhusu mtu yeyote. Anakojoa matone matone? Anachuchumaa muda mrefu bila kitu? Analia akikojoa? Kuna damu? Nikamwambia daktari, mimi huona mchoro, mchoraji sijamwona. Hakucheka. Akasema paka dume mrija wake ni mwembamba, ukiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Siku nikimwona anajikamua na hakuna kinachotoka, nisingoje mshahara, nimlete saa hiyo hiyo. Akambonyeza tumbo, akamkagua, akasema kibofu kiko sawa. Nikapumua. Mdosi alikuwa ameshaning'inia kwenye koti lake kwa kucha zote.

"Choo chake unakisafisha mara ngapi, mzee?"

"Kusafisha?"

"Eeh."

"Daktari, hicho si choo? Choo kikijaa ndio unaita gari la kunyonya."

Akaweka kalamu chini. "Umekaa naye muda gani?"

"Miezi miwili."

"Na vumbi ni lile lile?"

Sikujibu. Nilikuwa nasoma bango la ng'ombe ukutani.

Akanieleza kwa subira, vile unaeleza mtu ambaye suruali yake imelowa. Ati paka huyu wetu babu yake ni paka mwitu wa nchi kavu, huku Afrika na Mashariki ya Kati, mtu wa kuchimba mchanga mlaini, kufanya yake, kufukia na kuondoka. Vumbi la mbao lenye harufu ya vanishi linamkera pua na miguu. Na hakuna paka anayetaka choo kando ya chakula. Ati aondolewe uchafu kila siku, mara mbili ikiwezekana. Kumsugua pua hakumfundishi chochote, kosa alishalisahau, anachojifunza ni kwamba mimi ni mtu wa kuogopwa. Ati hanikomoi. Mkojo ukikauka hubaki na vijiwe vidogo ambavyo maji hayayeyushi, hali ya hewa ikipata unyevu harufu inaamka, naye akinusa anaona hapa ndipo msalani. Kuna sabuni ya vimeng'enya ya kuvivunja. Akanitajia bei. Nikamuuliza kuhusu siki na baking soda.

"Na uweke vyoo viwili," akasema. "Idadi ya paka, ongeza moja."

Hapo nikasimama. Vyoo viwili, mtu mmoja! "Daktari, huyu paka anaishi Umoja, si Runda."

"Wewe ungetumia choo ambacho hakijasafishwa miezi miwili?"

Nikataka kujibu. Halafu nikaikumbuka Kayole. Ile ploti ya milango 16, choo chake nilikifungua mara moja tu. Baada ya hapo, mwaka mzima na nusu, nilikuwa natembea dakika kumi mpaka kituo cha petroli, nanunua chingamu ya shilingi 5, naomba ufunguo wa choo chao. Meno yangu yaliharibika kwa sababu ya kibofu. Nikakaa chini.

Kuhusu kumhasi, sitaongea sana. Daktari alisema dume akikomaa huanza kunyunyizia kuta kuwatangazia wenzake mipaka, na kuna dume jeusi la paa la jirani ambalo kila jioni linakaa likimtazama Mdosi dirishani, kwa hivyo siku zake zilikuwa zinakuja. Wengi wakihasiwa huacha. Kama Kabete ni mbali, KSPCA, wale watetezi wa wanyama kule Lang'ata Road, nao hufanya. Nilimpigia simu Mama Kevo kumuuliza. Alisema ndiyo kabla sijamaliza swali. Mimi nilikunja miguu mpaka nikafika nyumbani.

Mchanga haukuwa shida. Umoja hii ilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Wamarekani, nyumba za chini, kila mtu na uani wake. Mzee wa wakati huo alifungua mlango tu, paka akachimba mwenyewe. Leo uani umemea ghorofa saba, na penye ghorofa pana mchanga. Nikaenda saa moja usiku na ndoo. Mlinzi akanimulika tochi.

"Unajenga wapi, mkubwa?"

Nikamwambia ukweli. Akanichaji shilingi 100 kwa kumdanganya.

Nikauchekecha kwa chekeche la unga la Mama Kevo, hiyo ni kesi nyingine. Beseni moja bafuni, lingine chumbani nyuma ya kabati. Mdosi akaja, akanusa, akachimba, akachuchumaa, akaangalia pembeni kama mtu anayesubiri lifti. Mchanga ukalia chrr. Mimi niko nyuma ya mlango na mwiko wa kuzolea, machozi yananilenga.

Godoro nikalipiga siki, nikalitia baking soda, nikalianika tena. Na ndiyo Jumamosi hiyo landilodi alipanda ngazi zote nne akiwa na keateka.

"Baba Kevo, watu wanalalamika harufu." Anahema. "Wengine wananiambia humu kuna paka."

Nyuma ya kabati nikasikia mchanga. Chrr. Mama Kevo akaanza kukohoa. Kevo naye akakohoa. Nikapiga hesabu. Dipoziti ni shilingi 18,000. Lori la kuhama. Nyumba nyingine, panya wengine.

"Hakuna paka, mzee," nikasema. "Ni mimi."

Mzee akavua kofia. "Tangu lini?"

"Tangu utoto."

Mama Kevo aliangalia dari muda mrefu sana. Landilodi akaniwekea mkono begani, akaniambia kijana wangu usione haya, mwili ni mwili, chai iishe saa kumi na mbili. Akamgeukia keateka, akamwambia hii ni siri ya sisi watu wazima. Keateka akasema ni sawa, simu iko mkononi.

Jumatatu akaniletea zawadi kutoka kwa landilodi: nailoni ya kufunikia godoro, nene, futi nne kwa sita. Alipandisha nayo ngazi zote ikiwa imekunjuliwa, mchana, shule zimefungwa. Nikatia sahihi kwamba nimepokea.