Eti Masaji ya Kiafrika!

Mxiu! Nilisonya mpaka muuza kahawa akaacha kumimina.

Kijana mmoja wa hapa kijiweni, dereva wa watalii, mwaka wake wa pili tu barabarani, alikuwa akitusimulia anavyowachangamsha wageni wake. Akifika lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro, pale lami inapotuaga, huwageukia akawaambia wakae vizuri: kuanzia hapo mpaka Seronera, ndani ya Serengeti, watapata masaji ya Kiafrika, tena ya bure. Wageni hucheka. Karibu kila dereva aliyewahi kukaa kwenye benchi hili, hapa Unga Limited, Arusha, ameshaitoa kauli hiyo, nami nilikuwa naitoa.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "mgeni anapigwa hiyo masaji siku nne, halafu anapanda ndege. Wewe utapigwa miaka 20. Sasa ni ya bure kwa nani?"

Drafti ikasimama. Mzee fundi wetu, aliyeanza kulala chini ya magari enzi za Land Rover za springi za bapa mbele na nyuma, akaweka kete chini. "Mwacheni aseme," akasema. Basi acheni niseme.

Ni Aprili. Mvua inanyesha, wageni ni wa kuhesabu, magari yamelala gereji. Huu ndio wakati wenye kampuni hutoa fedha za matengenezo kabla Juni haijaingia. Na kila mwaka naona yaleyale. Gari linaletwa, bosi anataka linyanyuliwe inchi mbili, lifungwe matairi manene, ngao mpya mbele na taa ndefu juu ya keria. Lipendeze kwenye picha. Ukimuuliza shokapu zina umri gani, anamgeukia dereva. Dereva anatazama chini, maana alishaandika kwenye fomu ya matengenezo mara tatu, ya nne akachoka.

Jamani, springi hainunuliwi kwa inchi. Inanunuliwa kwa kilo.

Tupige hesabu pamoja. Chukua Land Cruiser ya kawaida ya utalii. Wageni sita na dereva, kila mmoja kilo 80: hapo ni 560. Mabegi, kilo 15 kila mgeni: 90. Tangi mbili zikijaa lita 180 za dizeli, kilo 150 hivi. Matairi mawili ya spea, 70. Jeki, spana na minyororo, 30. Maji ya kunywa, 40. Friji na vilivyomo, 30. Jumla kilo 970. Bado hujahesabu ngao, keria, paa la kufunuka wala vyuma vilivyoongezwa siku gari lilipokatwa kiunoni na kurefushwa. Gari lilitoka kiwandani na springi za gari la kawaida. Sisi tumelifanya basi dogo, halafu tunalishangaa likilala makalio kama fisi.

Dawa ya haraka inayopendwa hapa mjini ni kuongeza bapa moja nyuma, au kumpelekea mhunzi springi iliyolala aikunje upya. Kwenye hili mzee fundi alinipokonya maneno. Chuma cha springi, alisema, hupashwa moto, kikapoozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa kiasi, na huo upashaji wa pili ndio unaokipa tabia ya kujikunja na kurudi. Ukikiweka kwenye mkaa kikawa chekundu, ukakikunja, ukakiacha kipoe chenyewe pembeni, umeiua ile tabia. Kitaonekana kimepinda vizuri asubuhi. Ukifika lango la Naabi na mzigo kimelala tena, au kimekatika. Ukikigonga kwa nyundo kikiwa baridi kitajitahidi kidogo zaidi, lakini uchovu wake unabaki palepale. Bapa likishakufa, mzee anasema, kazi iliyobaki ni kwenda kuwa sime ya Mmasai, nayo huwa sime nzuri sana.

Wanaofanya mambo kwa mpango hupima. Unajaza gari kama siku ya safari, mafuta, maji, mabegi, watu wa uzito ule ule, unalipeleka kwenye mizani ya malori ya kokoto au nafaka. Unapima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Ukishapata namba hizo mbili ndipo unaenda dukani. Watengenezaji wanaojua kazi hii, kama Old Man Emu wa Australia, huuza springi kwa viwango vya mzigo: ya gari jepesi, ya gari lenye uzito wa kudumu, ya gari linalobeba sana. Anayechukua ngumu kuliko zote akidhani ndiyo bora, siku ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA kupokea wageni gari likiwa tupu litarukaruka kama mbuzi, na kila shimo litapanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo wa dereva.

Lakini springi ni nusu ya habari. Nusu inayotuumiza zaidi ni shokapu, ambayo wazee wetu waliiita shokomzoba.

Wengi wanadhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Haibebi. Anayebeba ni springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kupigwa, na inafanya hivyo kwa kuyasukuma mafuta yaliyomo ndani yapite kwenye vitundu vyembamba. Mafuta yakilazimishwa kupita pale, ule mruko wote wa gari hugeuka joto. Sasa ipeleke kwenye ile barabara iliyojikunja kama bati. Vilele vikiachana sentimita 75 hivi, na ukienda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mwisho unaoruhusiwa Serengeti, gurudumu linapigwa mara 18 na nusu hivi kila sekunde. Saa moja ni mara zaidi ya 66,000. Simama hapo ushike shokapu uone kama utaiachia ngozi yako. Mafuta ya ndani yakichemka huanza kutoa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana asubuhi gari linashika njia vizuri na saa nane mchana linaogelea, dereva akidhani ni uchovu wake mwenyewe. Kwa kazi yetu shokapu nzuri ni nene, yenye mafuta mengi, na iliyojazwa gesi ya naitrojeni inayoyabana mafuta yasitoe povu.

Na yale makunyanzi ya barabara tusimsingizie mtu wa greda peke yake. Mwaka 2007 wanasayansi Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha jaribio la gurudumu lililozungushwa juu ya mchanga. Likizidi mwendo fulani, mawimbi yanajitokeza yenyewe, hata gurudumu likiwa halina springi wala shokapu. Kwa hiyo kila anayepita pale mbio anamlimia mwenzake matuta ya kesho.

Kulikuwa na ubishi wa grisi pia, maana kijiweni hapa haukosekani. Wengine wanapaka grisi katikati ya bapa ili zisilie. Mimi nasimama na mzee: vumbi letu la huku limetoka kwenye majivu ya volkano, na grisi ikilishika inakuwa msasa. Safisha, kaza yubolti, badilisha bushi zilizokwisha, inatosha.

Turudi kwenye inchi mbili za bosi, kwa sababu hapo kuna hatari isiyoonekana kwenye picha. Ukinyanyua gari la koili mbele, ekseli inageuka kidogo, ile pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona inapungua, na gari linaanza kutangatanga kwenye lami kama limelewa. Linahitaji bushi maalumu za kurudisha pembe. Propela shafti inapinda kuliko ilivyokusudiwa. Mipira ya breki inavutika. Na kubwa kuliko yote: Land Cruiser nyingi zina valvu nyuma iliyoungwa kwenye ekseli kwa kijiti, inayopima gari limelala kiasi gani ili iamue breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Gari likilala, valvu inajua kuna mzigo. Ukilinyanyua bila kurekebisha kijiti kile, valvu inaamini gari ni tupu hata likiwa na wageni sita ndani. Breki za nyuma zinanyimwa nguvu.

Nimeshuka mteremko wa Seneto kwenda ndani ya kreta na gari lililonyanyuliwa namna hiyo. Sitaitaja kampuni. Ukingo wa Ngorongoro uko mita 600 hivi juu ya sakafu yake, na njia ile ni kona juu ya kona. Kila nilipokanyaga, pua ya gari ilizama na nyuma ikawa nyepesi, usukani ukinitoroka mkononi. Wageni walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa kwenye gia ya kwanza, four imeingia, nikimwomba Mungu. Tulipofika chini niliegesha chini ya migunga ya Lerai nikashindwa kutoka nje kwa sababu miguu ilikuwa inatetemeka. Kosa lilikuwa kijiti kimoja ambacho fundi mwenye spana mbili angekirekebisha kabla chai haijapoa.

Baada ya hapo nilianza kusoma kuhusu mtetemo. Mwili wa mtu aliyekaa huumizwa zaidi na mtikisiko wa kupanda na kushuka wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na gari lenye shokapu zilizokufa kwenye njia ya mashimo linakupa mtikisiko huo kwa wingi. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kuhusu mtetemo wa mwili mzima kazini: kiwango kikifika 0.5 kwa kipimo chao cha siku ya saa nane, mwajiri anatakiwa achukue hatua, na kikifika 1.15 hakuna ruhusa ya kuzidi. Mara nyingine, kijana wetu, ukimpakia Mjerumani au Mfaransa, kumbuka kwamba dereva wa trekta wa kijijini kwake analindwa na namba hizo. Kwako wewe mtikisiko uleule umekuwa kichekesho cha kumfungulia mgeni safari.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa akikaa benchi hili, mwenye macho ya kumwona chui kabla ya darubini, sasa anauza vipuri dukani. Mgongo. Hawezi kukaa garini zaidi ya saa mbili. Alijua kila njia ya Ndutu, kila korongo la Engaruka ukielekea Ziwa Natron, na ujuzi wote ule umekaa nyuma ya kaunta ukipanga bolti.

Mwenye kampuni ataniuliza gharama. Seti nzima ya springi na shokapu za maana si ya bei ndogo, nakubali. Lakini weka pembeni yake tairi linaloliwa kwa mabaka kwa sababu gurudumu linadunda badala ya kukanyaga, chasisi inayopasuka na kuchomelewa kila msimu, vioo, beringi, siku moja ya safari iliyovunjika katikati ya Serengeti na gari la akiba likitumwa kutoka Arusha. Wenye magari wengi wanailipa seti ile kila mwaka, kidogo kidogo, na bado hawajaipata.

Mzee fundi alimaliza kahawa yake akamwambia yule kijana aende akalete gari lake, walitazame kabla giza halijaingia. Shokapu ya nyuma kulia ilikuwa imelowa mafuta mpaka kwenye ekseli, na ya kushoto, ilipofunguliwa, ilisukumika na kuvutika kwa vidole viwili.

Ndugu zangu mnaomiliki magari haya, Juni bado wiki kadhaa. Jazeni gari, lipelekeni kwenye mizani, nunueni springi kwa namba mtakazozisoma pale, badilisheni shokapu zote nne kwa pamoja, na msilitoe gari gereji kabla valvu ya breki haijarekebishwa. Nanyi madereva, andikeni kwenye fomu mara ya nne, na ya tano. Nakala ya fomu bakini nayo.