Sifa za Simu Isiyohama

Tanga yajulikana nchi nzima kwa neno lake: waja leo, waondoka leo. Basi niachieni nimsifu mkazi mmoja asiyeondoka, naye ni simu yangu.

Asubuhi nikiingia kazini hujishikiza kwenye kituo cha waifai cha mlangoni, kile kisahani cheupe cha darini. Nikipanda ghorofani, nikazipita kuta nene za jengo hili la enzi ya Mjerumani, nikakaa chini kabisa ya kisahani kingine, simu bado ni ya mlangoni. Mstari mmoja wa mawimbi, nao wakata roho. Uaminifu huo mnauona wapi siku hizi? Kisahani cha ghorofani hakiwezi kuiposa, maana katika waifai anayeamua kuhama ni simu yenyewe. Viwango vya 802.11k na 802.11r vya mwaka 2008 vilikuja ili kituo kiitajie simu majirani na kuifupishia hodi. iPhone hungoja mawimbi yashuke chini ya desibeli-miliwati hasi 70 ndipo itafute pengine. Yangu si iPhone. Yangu hungoja kiama.

Tena yanitembeza ngazi, naokoa hela ya jimu.

Siku simu ikikubali kuhama ndiyo tamu zaidi. Yafika juu na anwani ya chini, na huko juu haitambuliki. Mitandao pepe, vilani kwa kinywa cha mafundi, ina namba 4,094 za kuchagua. Aliyetufungia alichukua mbili, akazikosea zote. Jina la waifai ni moja, ila mlangoni vilani ya 10, ghorofani ya 20. Simu yadhani haijatoka nyumbani, yang'ang'ania anwani ya zamani. Imeunganishwa, intaneti hakuna.

Kosa la dakika tano, jamani! Lakini dakika tano hizo zataka nywila, na nywila anayo fundi, na fundi alishuka kwenye basi saa nne, akapiga picha na visahani, akasainiwa makabidhiano, akapanda basi la saa tisa. Kaja leo, kaondoka leo. Nani alimsainia bila kuuliza nywila? Bosi yule yule anayeniuliza kila Jumatatu kwa nini sijibu ujumbe wake.

Nimemwandikia barua ya karatasi, nikaipeleka mwenyewe. Imerudi jana na maelekezo pembeni, kwa wino mwekundu: “Wasiliana na fundi kwa barua pepe.”