Heko kwa Kontrola Zangu Mbili

Wahenga waliosema mafahali wawili hawakai zizi moja hawakufika shambani kwangu Mkuranga. Hapa kontrola mbili za sola zimekaa kwenye betri moja mwaka wa pili huu na hazijagombana hata siku moja. Zinaheshimiana mno. Zinapishana, "tangulia wewe", "hapana, tangulia wewe", mpaka betri inalala njaa.

Ya kwanza nilikuwa nayo tangu enzi za taa na redio, na paneli mbili za wati 100 na betri ya N200. Likaja friji. Fundi akasema, "Mzee, sola haibomolewi, inaongezewa." Akaleta paneli ya wati 250 na kontrola ya pili, ya bluu, imeandikwa MPPT kwa herufi kubwa kuliko jina la kiwanda. Akazifunga zote kwenye betri ileile, taa mbili za kijani zikawaka, nikapiga picha nikawatumia ndugu.

Sasa niseme adabu yake. Asubuhi betri ikiwa tupu, zote mbili zinasukuma ampea na hakuna neno. Adabu huanza saa nne hivi. Kontrola, ujue, haioni tumbo la betri. Inaona mashavu tu, na mashavu ndiyo volti. Chukua mtoto anayelishwa uji na shangazi na mama mkubwa, kila mmoja na kijiko chake. Shangazi akitia kijiko, mashavu yanatuna. Mama mkubwa akiyaona anasema alhamdulillahi, mtoto kashiba, anaweka kijiko chini. Ndivyo ilivyo kwangu. Ya zamani kikomo chake ni volti 14.2, ya bluu 14.4. Ya bluu ikisukuma mpaka 14.3, ya zamani inaamini kazi imekwisha, inashuka hadi 13.7, inadondosha matone ya kujikimu tu, na paneli zake mbili zinabaki juu ya bati zikiota jua kama mijusi. Haijiulizi kama ni mwenzake ndiye aliyejaza mdomo. Kumshuku mwenzio ni utovu wa adabu.

Mchana ukipamba moto, zamu inageuka. Ya bluu imetundikwa karibu na bati, na kipimajoto chake kimo tumboni mwake mwenyewe. Ikiungua yenyewe inadhani betri ndiyo yenye homa, inashusha kikomo milivolti kadhaa kwa kila seli kwa kila digrii. Huruma iliyoje! Mgonjwa anapunguziwa uji kwa sababu muuguzi anatoka jasho. Saa saba, jua la utosi, wote wawili wamepumzika. Saa nane usiku inveta inalia.

Zina fadhila nyingine. Zimenirudisha kwenye kibatari, zimenifundisha majina ya nyota, na samaki siku hizi tunamla siku ileile aliyovuliwa.

Halafu akaja mpwa wangu, anasomea umeme VETA, na mita yake ya kubana. Akapima waya wa paneli ya bluu: ampea 8. Akapima unaokwenda kwenye betri: ampea 8 zilezile. "Mjomba, hii si MPPT." MPPT ya kweli ingezigeuza volti 30 za paneli ile kuwa ampea, betri ikapata 17 hivi. Yangu inatoa 8 mara 13, yaani wati 104, kwenye paneli niliyolipia wati 250. Akaipima kwa mkono: nyepesi kama kifuu. Haina zile koili nzito za shaba. Ni PWM, ile aina isiyogeuza kitu, iliyovaa kanzu ya shehe.

Hapa adabu ikae pembeni kidogo. Kuna mtu alikaa akachapa herufi hizo nne akijua ni uongo. Kuna mwingine aliyeupitisha bandarini, na kuna aliyeniuzia. Nilipomuuliza kama kweli ni MPPT alinijibu, "Mzee, si unaona imeandikwa?"

Nikarudi dukani. Muuzaji: fundi kafunga vibaya. Fundi: aliyefunga ile ya kwanza ndiye aliyekosea waya. Aliyefunga ya kwanza: yake ilikuwa salama mpaka ilipochanganywa. Mwenye duka la betri: waranti haihusu betri iliyouawa na kontrola. Kila mmoja alipimia mlangoni kwake, akakuta volti zimetimia. Na wote walinipa shikamoo, kiti na maji ya kunywa.

Mpwa wangu alitumia nusu saa. Aliishusha ya bluu ikae karibu na mwenzake kivulini, akakata waya zote urefu mmoja, akaziwekea kontrola vikomo sawa. Kati ya niliowalipa hakuna aliyewahi kulitaja hilo.

Jana fundi kapiga simu. Anauliza hali ya friji. Anasema kuna kontrola mpya zimeingia, nzuri kupita zote, zimeandikwa MPPT pande zote mbili. Nimemwambia alete moja, wenzake wataipisha.