Deni la Stima, Malipo ya Taka

Kila mwaka ifikapo Juni bajeti ya Kaunti ya Nairobi husomwa, na sisi abiria wa matatu nambari 46 hujigeuza wataalamu wa uchumi. Zaidi ya shilingi bilioni 40! Kabla hatujafika Yaya tumeshazigawa: huyu anaweka lami, yule anajenga zahanati, na wa kiti cha nyuma, ambaye hajawahi kulipa nauli bila kubishana, anataka kila mtoto apewe bwawa la kuogelea. Tunasahau kwamba bajeti ya jiji ni kama ya kamati ya harusi. Daftari limejaa ahadi, wajomba wameandika majina kwa kalamu nzito, lakini mhazini akitikisa mkoba unasikia funguo tu.

Serikali kuu hutoa mgao wa kama bilioni 20, na hizo nazo huja kwa mwendo wa kinyonga. Nyingine kanjo, yaani serikali ya jiji, inatakiwa ijitafutie yenyewe: maegesho, leseni, mabango, kodi ya ardhi. Mwaka wa fedha wa 2022/23 ilikusanya kama bilioni 10, uliofuata kama bilioni 12, ilhali lengo lilikuwa karibu bilioni 20. Mishahara peke yake inazishinda pesa hizo. Maana yake ni kwamba ukilipa shilingi 300 za kuegesha gari katikati ya jiji, usitazame chini kutafuta shimo lililozibwa kwa pesa yako. Pesa yako imeenda kumlipa aliyeipokea.

Kisha kuna madeni. Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, ameandika ripoti baada ya ripoti, na katika kaunti zote 47 Nairobi ndiyo inayoongoza kwa bili ambazo hazijalipwa. Ni makumi ya mabilioni: wanakandarasi wanadai, mifuko ya pensheni inadai, na mawakili walioajiriwa kuitetea kanjo isidaiwe, nao pia wanadai. Walioliweka jengo la City Hall pale lilipo waliona mbali. Mdai akikataliwa pale ndani, anavuka barabara tu na kuingia Kanisa la Familia Takatifu, apige magoti. Asiyeamini maombi anafuata barabara hiyohiyo ya City Hall hadi Mahakama ya Juu.

Lakini hakuna deni lililonifurahisha kama la stima. Februari 2025, Kenya Power ilichoka kudai takriban bilioni 3, ikakata umeme katika ofisi za kanjo. Mtu wa kawaida akikatiwa stima hutafuta mshumaa. Kanjo ilitafuta lori. Asubuhi ya tarehe 24, wafanyakazi wa Stima Plaza, kule Parklands, walikuta langoni rundo la taka za jiji, maganda ya ndizi, chupa, na vitu ambavyo sitavitaja kwa sababu huenda msomaji anakula. Maji nayo yakakatwa. Upande wa kanjo ukasema kampuni ndiyo inayodaiwa, zaidi ya bilioni 4, kwa nguzo na nyaya zinazopita katika ardhi ya jiji. Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, akalaani kitendo hicho. Mimi nilijaribu kuwa mwema. Dampo la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001, huenda dereva alikuwa anatafuta tu mahali penye nafasi.

Hatimaye pande hizo mbili zikaketi mezani zikazungumza. Nilichojifunza ni kwamba siku hizi jiji lina akiba moja tu isiyopungua, nayo ni uchafu.

Usidhani haya yameanza jana. Mwaka 1983 serikali ya Moi ililisimamisha baraza la jiji kwa usimamizi mbovu, ikaweka tume iliyotawala hadi 1992. Mwaka 2013 tukapata kaunti na gavana Kidero, ambaye alipandisha ada ya maegesho kutoka 140 hadi 300, tukapiga kelele, tukalipa. Akaja Sonko. Mwaka 2020 ikaletwa NMS (Nairobi Metropolitan Services) chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, tukasema sasa kazi ni ya kijeshi, mtaona. Mitaro kadhaa ilizibuliwa, sikatai. Lakini madeni hayakupiga saluti. Wakubwa wanaingia na kutoka, na kila anayeingia anawakuta wafanyakazi waliojazwa na aliyetangulia, naye anajaza wake.

Sasa kuhusu kujazwa huko, ningependa kulaumu wanasiasa peke yao, ila nina mjomba Vihiga.

"Mpwa wangu," akaniuliza kwa simu, "umefika wapi na ile kazi ya kijana pale City Hall?"

"Mjomba, jiji halina pesa."

"Nani amezungumza habari ya pesa? Nimesema kazi."

Nikamweleza kwamba kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na kwamba kaunti nyingi zilishaupita mstari huo bila hata kugeuka nyuma. Nikamwambia kuwa Aprili 2024 wakubwa wa nchi walikutana Bomas kwa siku kadhaa kujadili mzigo wa mishahara tu. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza, "Sasa kijana mmoja ataongeza asilimia ngapi?"

Nikatafuta hesabu, sikuipata.

"Na mishahara yenyewe huchelewa, mjomba."

"Ikichelewa si inakuja? Mimi mahindi yangu yakichelewa hayaji."

Hapo ndipo wataalamu wa Bomas wangefunga makabrasha wakaenda nyumbani. Mjomba hatafuti mshahara, anatafuta hati ya mshahara. Kwa karatasi hiyo kijana anakopa kwenye sacco, anakopa benki, anachukua unga dukani hadi mwisho wa mwezi, na wazazi wa msichana wanaacha kumuuliza maswali. Kanjo ikichelewa, mwenye duka anasubiri. Mwenye duka akisubiri, muuzaji wa jumla anasubiri. Mtaa mzima wa Kawangware unaweza kuwa unaikopesha City Hall bila kujua. Tena mjomba ana ushahidi: mwaka 2023 aliona kwenye runinga wale vijana 3,500 wa Gavana Sakaja wenye sare za kijani wakifagia jiji. "Hao wote," aliniambia kwa uchungu, "hawana wajomba bora kuliko wa kijana wetu." Jiji lina wadi 85 na kila diwani ana simu. Fikiria inavyolia.

Pesa kidogo zipo, ukitaka kujua. Panda gari Kawangware uelekee Lavington kwa Barabara ya Gitanga, uangalie nje. Mabati yanaisha, ua unaanza, halafu maghorofa, Kileleshwa ndiyo usiseme, ekari moja imebeba watu wa tarafa nzima. Kwa karibu miaka arobaini ardhi hiyo ilikuwa ikitozwa kodi kwa thamani iliyoandikwa mwaka 1982. Orodha mpya ya thamani za ardhi ilitayarishwa 2019 ikaanza kutumika kwa mbinde, na wenye ploti wakagundua ghafla kwamba kumbe ni maskini. Serikali kuu yenyewe inadaiwa mabilioni ya kodi kwa ardhi ya ofisi zake hapa jijini, na hakuna lori la taka lililowahi kutumwa huko.

Nilimsimulia mama mboga wangu pale kituo cha Congo habari ya orodha ya 1982, huku akinikatia sukuma wiki. Yeye ada yake hutozwa kwa bei ya leo, asubuhi, kabla hajauza hata nyanya moja. Kisu kikasimama.

"Na mimi wanaweza kunipigia ya 1982?"

Nikamwambia mwaka huo hakuwa amezaliwa.

"Basi," akasema akiendelea kukata, "waniandikie sifuri."