Gari Likilala, Oili Hailali

Watu wa Gongoni hapa Tabora, hivi mnajua mnavyoniumiza? Pita uchochoro huu na ule, hukosi gari limefunikwa turubai chini ya mwembe. Huku Corolla KE70 ya mstaafu wa reli. Kule Datsun 1200 aliyoiacha marehemu babu. Mbele kidogo Land Cruiser FJ40, mwenyewe yuko Dar na ameapa haliuzwi hata kwa dawa. Linatolewa Idi, linatolewa kwenye harusi, linatolewa usiku kumkimbiza mgonjwa hospitali ya Kitete, basi, linarudi chini ya mwembe. Na ikifika habari ya oili, hapa kijiweni kila mwenye kikombe cha kahawa ni fundi.

Juzi mzee wetu mmoja kasema, "Mwanangu, gari langu tangu mfungo uliopita halijafika hata Nzega. Oili yake bado mbichi, nimwage ya nini?" Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Shikamoo mzee, nakuheshimu, lakini hapana. Hapana kabisa. Gari la kutwa barabarani ndilo linalohesabiwa kilomita. Gari la uani linahesabiwa miezi. Ukiliacha mwaka mzima bila kumwaga oili, umelitesa, hata kama halijavuka Isevya.

Sikilizeni kinachotokea. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa maji, na maji yenyewe ni karibu lita moja. Injini ikiwa moto, maji hayo yanatoka kwa ekzosi yakiwa mvuke, huyaoni. Ikiwa ya baridi, sehemu yake inapenya kando ya ringi za pistoni, inashuka kwenye sampu, inakutana na oili. Safari ndefu ingeyachemsha na kuyafukuza. Lakini sisi tuna ule mchezo wetu wa Jumamosi asubuhi. Kijana anatumwa, "Kaliwashe gari la babu." Analiwasha dakika tano, ekzosi inadondosha matone, watu wanafurahi, "Injini nzima hiyo!" Anazima. Mh! Dakika tano hizo hazijafukuza maji, zimeyaongeza. Tena injini hizi za kabureta zikiwashwa na choki zinamwaga petroli nyingi kuliko inayoungua. Inayobaki inaosha kuta za silinda, nayo inashuka kule kule, oili inakuwa nyepesi. Na moshi una asidi zake. Ndani ya oili kuna viungo vilivyowekwa kiwandani vya kuzipoza hizo asidi, ila navyo vinakwisha. Vikishakwisha, asidi inakaa na beringi na kamshafti miezi sita gizani, gari limesimama kimya, mwenyewe anajua limepumzika.

Hamniamini? Nendeni mkafungue kile kifuniko cha juu cha kutilia oili. Kigeuzeni mwangalie upande wa ndani. Mkikuta ute mzito umeganda, rangi ya chai ya maziwa, hayo ndiyo maji ya Jumamosi. Usikimbilie kusema gasketi imekwenda. Kwanza angalia maji ya rejeta, je, yanapungua? Kama hayapungui, litoe gari barabarani lipate moto wa kweli, mwaga oili, badilisha na filta, kisha uone kama ute unarudi.

Sasa oili ipi? Hapa ndipo kelele zinapoanza. Mmoja anasema ile nzito kuliko zote. Mwingine kaletewa na mtoto wake kopo la 0W-20, la bei mbaya, analishika kama mboni ya jicho. Jamani, namba ya kwanza, ile yenye W pembeni, ni habari ya baridi. Oili ya 20W inapimwa namna inavyokubali injini kuzunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Tabora hii, asubuhi ya Juni tunapojifunika mablanketi mawili, bado tuko kwenye nyuzi kumi na kitu juu ya sifuri. Hiyo 0W unamnunulia nani? Namba ya pili ndiyo uzito wake injini ikishapata moto, na injini ya miaka arobaini, yenye nafasi zilizokwisha kupanuka, ikiwekewa 20 ya magari mapya, presha inashuka, taa ya oili inakukonyeza ukisimama kwenye makutano. Kwa Corolla na Datsun za aina hii mimi nasema 20W-50 ya madini, ile ya kawaida. Kama injini bado imekaza na hailambi oili, 15W-40 inatosha sana.

Na wale wanaochota SAE 40 kwenye pipa la mashine ya kusaga, naomba waache. Si sumu, magari yamekwenda nayo miaka mingi. Ila gari lililolala mwezi mzima, oili yote imeshuka chini, juu kwenye tapeti kumekauka. Ukiliwasha, zile sekunde za mwanzo ndizo zinazokula chuma. Unataka oili inayopanda haraka asubuhi na bado ina uzito mchana, na hiyo ndiyo yenye namba mbili.

Kuna jambo lingine hatulisemi kabisa hapa kijiweni. Injini hizi za zamani, 4K ya Corolla, A12 ya Datsun, 2F ya Land Cruiser, kamshafti inasukuma tapeti kwa kusuguana, chuma kwa chuma. Kinga yake ni kiungo chenye zinki na fosforasi. Mwaka 2004 lilipokuja daraja la SM la API, wale Wamarekani wanaopanga madaraja ya oili, fosforasi ikapunguzwa kwenye oili nyepesi kama 5W-30, kwa sababu inaharibu vile vichujio vya moshi kwenye ekzosi za magari mapya. Oili nzito kama 20W-50 na 15W-40 hazikufungwa na kipimo hicho. Gari la babu halina kichujio cha kuharibika, lina tapeti za kulinda. Basi geuza kopo usome. 15W-40 iliyoandikwa CI-4/SL ni ya dizeli na petroli pamoja, na kwa gari la kulala inafaa sana, kwa sababu oili za dizeli zimeundwa zipambane na asidi nyingi. Ukikuta imeandikwa SB, irudishe rafu. API wenyewe wanasema hiyo haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1951.

Kizibo kikiwa kimechezewa, au lebo imebandikwa upande, usichukue hata ukipunguziwa. Tafuta alama ya ubora ya TBS. Na ukishamimina, toboa kopo lako kwa msumari kabla hujalitupa, maana kuna wanaoyaokota wakayajaza oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa. Ile uliyomwaga pia isiende kisimani wala mtaroni. Wapo wa kupaka nguzo dhidi ya mchwa, wape kwenye dumu lenye kifuniko.

Lini umwage? Mvua zetu zinaanza Novemba, zinakatika karibu Aprili, na unyevu wa miezi hiyo unaingia kila mahali. Mimi ningemwaga Mei, gari limetoka kutembea, oili ya moto, inatoka na uchafu wake wote. Na kama unajua unalifunika mpaka Krismasi, usilifunike na oili chafu. Fundi akikwambia "bado nyeusi kidogo tu", mwambie weusi si hoja, oili nzuri huwa nyeusi kwa kuwa inabeba masizi. Hoja ni miezi mingapi imekaa humo.

Nanyi mlioko Dar, mnaotuma hela ya oili kila mwaka na kuagiza gari lisiguswe, tumeni na ya petroli. Lishike njia ya Nzega nusu saa nzima, mara moja kwa mwezi, gia zote zipite, ndipo ligeuzwe. Kama hakuna hela ya petroli mwezi huo, basi mwambieni kijana asiliwashe kabisa, achomoe waya wa betri, aliache.