Kuzoea Berlin

Mwanafunzi mgeni mjini Berlin huanza kusoma kabla chuo hakijafunguliwa: husoma fomu. Hatua ya kwanza ni pesa. Anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na kujilipia mwenyewe, mara nyingi hutakiwa kuweka yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, kisha hugawiwa yuro 992 kila mwezi. Pesa ni zake. Ruhusa ya kuzigusa si yake.

Hatua ya pili ni anwani. Sheria humtaka ajiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, akiwa na hati iliyosainiwa na mwenye nyumba. Miadi ya kumwona karani huweza kuangukia wiki ya tano, na karani hashangai. Mwenye nyumba naye hupendelea mpangaji mwenye historia safi ya kulipa madeni Ujerumani, sifa ambayo aliyeshuka jana kwenye ndege hana pa kuipata.

Jina likishaingia daftarini, barua haikawii. Haitoki kwa mama. Ni ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, iwe na televisheni au isiwe nayo.

Hatua ya mwisho ni adabu za mtaa. Jumapili maduka mengi hufungwa, na chupa za glasi hazitupwi siku hiyo, kwa kuwa kelele zake huwaudhi majirani. Chupa tupu ya plastiki ya kutumika mara moja hurudishiwa senti 25 dukani, na tarehe zikigonga thelathini mwanafunzi huiheshimu kuliko profesa.